Mjomba Aliponiombea Radhi

Kitu cha kwanza wakili alichonifundisha ni kunyamaza. Alikuwa mama wa makamo mwenye ofisi ya chumba kimoja pale Same mjini, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, na kila neno lake lilibidi lipigane na mashine ya kukatia vyuma. "Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa, basi," aliniambia. "Hujaulizwa, funga mdomo. Na hao wa nyumbani kwenu wafunge pia." Nilicheka kidogo. Hakuwajua wa nyumbani kwetu.

Shtaka langu lilikuwa hivi. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasomea ualimu wa sayansi, nimebakiza mitihani ya mwisho. Katikati ya mtihani mmoja niliomba ruhusa nikaenda chooni, nikarudi, nikaendelea kuandika. Muda mfupi baadaye msimamizi aliingia kule chooni akakuta simu juu ya tangi la maji, ndani yake mna picha za kurasa za somo lilelile. Simu haikuwa na laini. Wasichana kadhaa tulikwishaingia mle asubuhi ile, ila wa mwisho nilikuwa mimi, na kwa msimamizi hilo lilitosha. Simu yangu mimi ilikuwa kwenye mkoba wangu nje ya ukumbi, imezimwa, pamoja na mikoba ya wenzangu. Nilisema hivyo palepale. Nikaambiwa nitayasema mbele ya kamati ya nidhamu, na kwa sasa nirudi kwetu.

Kurudi kwetu ni kupanda milima kutoka Same hadi upande wa Mbaga, gari linazunguka kona mpaka masikio yanaziba, halafu unashuka kwenye baridi. Mama nilimkuta anachambua maharage ya makande. Nilimweleza yote. Alilia, akajifuta macho kwa kanga, kisha akasema neno nililojua atalisema: "Kamwite mjomba wako."

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyetulea baba alipofariki. Analima tangawizi, ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri, na ni msemaji wa ukoo. Posa ikienda, anakwenda yeye. Ng'ombe wa mtu akila mahindi ya mtu, anakwenda yeye. Na kila anapokwenda hufanya jambo moja kwanza: anaomba radhi. Kwetu ndivyo mazungumzo yanavyofunguliwa. Huulizi nani kakosa. Unasimama, unavua kofia, unasema sisi tumekuja kuomba radhi, na mwenzako akishapoa ndipo ukweli unaanza kutafutwa, taratibu, na mara nyingine inaonekana kosa lilikuwa la mwenye mahindi mwenyewe. Zamani radhi hiyo ilikwenda na dengelua, pombe yetu ya miwa. Siku hizi wazee wa kanisa wanabeba kreti la soda na kujiona wameendelea sana. Nimewahi kumwona mjomba akiomba radhi kwa ajili ya ng'ombe ambaye hata hakuwa wetu, na jioni tukarudi na mkungu wa ndizi tuliopewa kwa ustaarabu wetu.

Kwa hiyo alipokuja na kunisikiliza, hakuniuliza kitu. Alitaka tu kujua kamati inakaa lini. Niliposema nimeshaonana na wakili, uso ulimbadilika.

"Wakili? Hiyo sasa ni vita, mwanangu. Watu hujakaa nao hata kidogo, tayari umewapelekea wakili?"

"Mjomba, hawa si majirani," nilimjibu. "Hawa hawana mahindi."

Mama akanikemea nimheshimu mkubwa. Mimi nina hasira za karibu, nakiri, lakini siku zile hasira ndiyo iliyonisimamisha wima. Chini yake palikuwa na hofu tupu. Kufukuzwa masomo, chuoni tulikuita kudisko, na tulikuwa tukilitamka neno hilo kwa utani, fulani kadisko, fulani anachungulia kudisko. Wakili alikuwa amenieleza bila utani: chuo chetu kikikufukuza kwa udanganyifu, unaondoka mikono mitupu, kama vile hukuwahi kukaa darasani. Nilikuwa nikiamka asubuhi na maneno hayo yako mdomoni kabla ya mate.

Mwishowe tulikubaliana kama familia zinavyokubaliana, yaani kila mmoja alipata alichokitaka. Kanuni za chuo ziliruhusu mwanafunzi aingie na mtetezi mmoja na mzazi au mlezi mmoja. Wakili atasema, mjomba atakaa. Tulipopita ofisini kwake Same kuanza safari, wakili alimwamkia mjomba shikamoo ya heshima zote, kisha akamwambia, "Mzee wangu, mle ndani wewe ni macho tu. Neno lolote niachie mimi."

"Nimekuelewa, mama wakili," mjomba alisema.

Nami naamini alielewa. Shida ni kwamba alielewa kuwa asimwingilie wakili katika hoja zake. Kufungua au kufunga kikao kwa adabu, kwake yeye, hakukuwa kusema. Kulikuwa kama kubisha hodi, na nani anakatazwa kubisha hodi?

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mjomba alikuwa amevaa koti lake la ibada na alikuwa anatetemeka kidogo kwa baridi. Wakili alimwuliza msimamizi maswali kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza njia.

"Ulimwona ameishika simu hii?"

"Hapana."

"Ulimwona akiingia nayo?"

"Hapana. Ila yeye ndiye aliyetoka wa mwisho."

"Kabla yake waliingia wangapi?"

"Sikuhesabu."

Mjumbe mmoja aliweka kalamu chini, akamtazama mwenyekiti. Nilimwona. Tumbo langu, lililokuwa limefungwa siku zote hizo, likaanza kunguruma njaa, nikaona aibu wasije wakalisikia. Nilikuwa nafikiria chipsi. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria chumba changu cha hosteli, kitanda changu, na mitihani niliyobakiza.

Mwenyekiti alikuwa profesa mpole wa kuonekana. Kabla ya kufunga, aligeuka upande wetu. "Mzee, umetoka mbali. Una neno?"

"Hana, mwenyekiti," wakili alisema haraka.

Lakini mjomba alikuwa amekwisha kusimama. Kofia ilikuwa mkononi.

"Waheshimiwa, nashukuru. Mimi ni mjomba wa mtoto huyu, na ndiye mzazi wake. Kwa niaba ya ukoo wetu, tumekuja kuomba radhi. Huyu ni mtoto wenu kama alivyo wetu. Tunaomba mtusamehe."

Nilimwona wakili akifumba macho. Katibu wa kamati aliandika kwa kasi.

"Unaomba radhi kwa kosa hili la simu, mzee?" mwenyekiti aliuliza, taratibu kabisa.

"Kwa hili lililotokea, ndiyo. Kwa yote."

Wakili alisimama akaeleza kuwa hiyo ni desturi, kuwa kwa watu wa milimani radhi si kukiri kosa, kuwa mlezi hakuwepo kwenye mtihani na hawezi kumkiria mtu jambo ambalo hakuliona. Alisema vizuri sana. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama wakili, mzee amesema mwenyewe, na amesema kiungwana." Wajumbe walianza kukusanya vitu vyao. Mjomba alikaa, akanipigapiga goti kwa furaha. "Usiogope," alininong'oneza. "Sasa wamepoa." Masikini, alikuwa anangoja mazungumzo yaanze.

Nilifukuzwa. Katika sababu walizotoa, maneno ya mjomba yalikuwa ya kwanza, na ya msimamizi yakafuata.

Miezi iliyofuata nilimchukia mjomba kwa namna ambayo sikujua ninaweza kumchukia mtu aliyenibeba mgongoni kwenda zahanati. Niliichukia kofia yake. Nilichukia adabu yetu yote, hodi zetu, soda zetu, kuinama kwetu mbele ya kila mwenye kiti. Nilikuwa napalilia tangawizi shambani kwake na nalia humohumo, na yeye anapalilia mstari wa pili haniambii kitu, amekonda, koti la kanisani linamning'inia mabegani. Wenzangu walikuwa wanatuma picha za majoho. Nilifuta picha hizo moja baada ya nyingine, halafu nikaifuta programu yenyewe.

Njia ilikuwa imebaki moja, rufaa. Wakili alituita Same. Alisema kwamba kamati ya rufaa ikimsikia mjomba mwenyewe akiieleza desturi yetu, kile walichokiita kukiri kinaweza kuanguka, na kikianguka hawabaki na kitu. Mjomba alikubali kabla wakili hajamaliza. Nilipomwona anavyoitikia kwa haraka, chuki ilinilegea kidogo, kwa mara ya kwanza.

Tulifanya mazoezi palepale ofisini, wakili akijifanya mjumbe wa kamati.

"Mzee, kwenu mtu huomba radhi hata kama hana kosa?"

"Kabisa. Ndiyo ustaarabu." Akaeleza vizuri, akamsimulia mpaka kisa cha ng'ombe na mkungu wa ndizi, na wakili akacheka, nami nikacheka.

"Kwa hiyo siku ile, wakati unaomba radhi, wewe uliamini mpwa wako hana kosa?"

Mjomba akatazama mlangoni. Nje mashine ilikuwa inakata chuma.

"Mzee?"

"Hilo usiniulize, mama wakili."

"Mimi nisipouliza, wao watauliza."

Aligeuza kofia mikononi. "Basi nikiulizwa nitasema kweli. Mimi ni mzee wa kanisa. Simu ilikuwepo, na mtoto alikuwepo. Nilijua amepitiwa tu, vijana wanapitiwa. Ndiyo maana nikaenda."

Miezi yote ile nilidhani nimeangushwa na desturi, na desturi mtu anaweza kuisamehe, haina macho. Kumbe mjomba hakuniuliza kwa sababu jibu alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, na mama naye, aliyelia juu ya maharage, hakuniuliza vilevile. Hakuna hata mmoja pale nyumbani aliyeniuliza. Wakili alifunga kalamu yake, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ndogo kwamba shahidi huyo hatuwezi kumpeleka.

Rufaa ilikwenda bila yeye, ikakataliwa.

Nilikwenda hosteli kuchukua vitu vyangu. Niliporudi, gari la milimani liliniacha barabarani, na mjomba alikuwa ananingoja pale ili anisaidie mzigo hadi nyumbani. Alichukua begi la vitabu, zito, akaliweka begani. Tulianza kupanda. Penye mfereji alilitua, akakaa, akanionyesha nikae karibu naye.

"Sasa yamekwisha, mwanangu," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hakuna kamati, hakuna wakili. Niambie mimi mjomba wako, nami sitamlaumu mtu. Ilikuwa yako?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo kwa miezi. Jibu lake nilikuwa nimelisema mbele ya wasomi wasioniamini, tena bila kuyumba. Nilimtazama mzee yule, kifua kinapanda na kushuka kwa uzito wa vitabu ambavyo sitavihitaji tena, na nikaona kwamba nikisema hapana ataitikia kwa kichwa tu, na tutaendelea kupanda vilevile, leo na kesho na siku zote. Nilichoka. Nilichoka mpaka kwenye mifupa.

"Ndiyo, mjomba," nilisema. "Ilikuwa yangu. Naomba radhi."

Alishusha pumzi ndefu, akanivuta kifuani, akasema nimesamehewa, nimesamehewa kabisa. Nililia kwa sauti, naye akanibembeleza, akidhani ni majuto. Jumapili mama alipika wali, watu wa ukoo wakaja na soda zao, na kwa mara ya kwanza tangu mtihani ule walinitazama usoni.