Mama Anasikia kwa Meno

Mama yangu ni fundi wa magari, na kwa ubishi hajapata mwenzake. Zamani alikuwa anakuambia gari linaumwa nini kabla hujazima injini. Kisha masikio yakaanza kumtoka usaha, akayapuuza miezi na miezi, na alipokuja kushtuka ngoma zote mbili zilikuwa zimetoboka.

Siku moja alimrudishia mteja gari ambalo beringi yake ya pampu ya maji ilikuwa inasaga. Hakuisikia. Gari likachemka njiani, na mjomba, kaka yake ambaye gereji ni yao wawili, akaja juu.

"Dada, fundi asiyesikia injini atatuharibia kazi. Mwezi ujao utakaa dukani, uuze vipuri."

Mama akatupa tambara benchini. Mimi namjua: akitupa tambara hivyo, kuna mtu atajuta.

Kesho yake akanikokota hadi kwa daktari wa masikio, niwe namrudilia maneno asiyoyasikia. Daktari aligonga uma wa chuma wa kupimia masikio, ukalia, akausogeza karibu na sikio. Mama akatikisa kichwa. Daktari akausimamisha kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, mama akaruka.

"Huo hapo! Unalia!"

Daktari akatueleza kwa kupaza sauti. Sauti ni mtikisiko tu. Hewa ikitikisika, ngoma ya sikio hutikisika, vifupa vitatu vidogo vinapokezana mtikisiko huo hadi ndani kabisa, penye majimaji na vinyweleo vinavyopeleka habari kwenye ubongo. Kwa mama, ulioharibika ni mlango; chumba cha ndani ni kizima. Na mifupa ya kichwa nayo hupitisha mtikisiko. Ngoma zingezibwa, ila foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu.

"Mifupa," mama alisema njia nzima. "Mifupa!"

Tulipofika gereji akachukua bisibisi ndefu, akaung'ata mpini, ncha akaiweka kwenye injini inayonguruma. Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliona aibu, sifichi. Yeye akaendelea: pampu, dainamo, kifuniko cha vali, akilinganisha magari mazima na mabovu, siku baada ya siku, mpaka fizi zikamvimba.

Mwisho wa mwezi mjomba akamtega. Alilegeza boliti ya dainamo kwenye pikapu ambayo mama aliifungia dainamo hiyo jana yake, akaiwasha, akadai mteja analalamikia kelele. Mama akainama na bisibisi mdomoni. Akagusa hapa, akagusa pale, akarudi kwenye dainamo, akaweka ncha kwenye boliti yake. Kisha akainuka.

"Boliti hii niliikaza kwa mkono wangu. Aliyeilegeza aikaze."

Mjomba alitafuta pa kuficha uso, hapakuwepo. Akazima injini, akachukua spana, akakaza. Alipomaliza akanong'ona, "Nisamehe, dada."

"Sikusikii," mama akasema. "Paza sauti."

Na mjomba, mbele ya mafundi wote, akapaza.