Siku Nilipojibu Kadi Kabla Haijafunuliwa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, chekeni mmalize, kisha msikilize, kwa maana aibu yangu naisimulia mwenyewe kabla hamjaipata imetiwa chumvi huko vibandani.

Miaka ya tisini, hapo Ziwani, alikuja mwalimu wa chuo kikuu akitafuta watu wazima wasiosoma sana (mimi niliachia darasa la tatu) awaonyeshe kadi zenye herufi za mataifa ya mbali, mbili mbili, useme upesi kama zafanana au ni tofauti, naye anabonyeza saa kupima jicho lako limechukua muda gani kuamua. Mimi nikasikia neno moja tu: kupima. Kupima ni mtihani, na mimi, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, tena niliyemchapa mjukuu wangu Nekesa kwa kuibia mtihani wa hesabu, ningeangukaje mtihani mbele ya ukumbi mzima?

Basi nikamwendea jirani yangu Bi Zuhura, aliyepimwa asubuhi. Akanitajia majibu yote kwa mpangilio (ana kichwa yule mama!), nikayachora kiganjani kwa kalamu: duara ni sawa, msalaba ni tofauti.

Zamu yangu ikafika. Mwalimu akaweka kadi ya kwanza kifudifudi, nikachungulia kiganja, nikatangaza, "Tofauti!"

"Mama, bado sijaifunua."

"Wewe funua tu, utaona."

Akafunua. Herufi mapacha. Ukumbi ukaangua kicheko, jasho likanitoka, nikajipangusa kwa kiganja kilekile, wino ukanijaa shavuni, na Nekesa, aliyenisindikiza, akapiga kelele, "Kukhu ana mwakenya!" (kukhu ni bibi kwa lugha yetu, na mwakenya ndivyo wanavyoita maandishi ya kuibia mtihani).

"Mwenyekiti," akasema Bi Zuhura, "ungeniambia ni ya kuiba, ningekuandikia vizuri!"

Mwalimu hakucheka. "Mama, kadi nazichanganya kila mtu akiingia. Na huu si mtihani. Nilikutaka wewe kwa sababu herufi hizi huzijui."

Tangu nizaliwe sikuwahi kutakiwa kwa sababu sijui. Nikanawa, nikarudi, nikaangalia kwa macho yangu mwenyewe, nyingine zimejikunja kama utumbo wa kuku, nyingine zimesimama kama viti, na kusema kweli nilifurahi kuliko siku yoyote ya shule.

Jioni Nekesa alikuwa ananitazama tu. Nikaweka kikombe chini.

"Kuanzia leo, katika nyumba hii, asiyejua aseme sijui, na hachapwi mtu kwa hilo. Haya, lete daftari lako la hesabu, ukae hapa, unifundishe."