Kura yangu msinihesabie

Saa kumi na nusu jioni, Wamarekani wa Doha wanaporudi nyumbani kutoka kazini na kuvua viatu, ndipo Jebet anapovaa hedifoni na kuanza kuwasumbua.

Simu inaita huko Al Wakrah. Mwanamke anapokea. Jebet anajitambulisha kwa Kiingereza cha taratibu, kile cha mapokezi ya hoteli, na kumhakikishia kwamba jina lake halitaandikwa popote. Kisha anaanza. Umri? Hamsini na mbili, anasema mama, na usiniulize mara ya pili. Masomo? Digrii ya ualimu. Kipato? Mama anacheka na kuuliza kama kinachotakiwa ni chake au cha mumewe. Chako, anajibu Jebet. Halafu linafika swali lenyewe: Novemba iliyopita ulimpigia kura nani?

Sauti ya upande wa pili inashuka. Mlango unasikika ukifungwa. Ndipo mama anajibu.

Nusu saa baadaye Jebet anapiga simu nyumba hiyo hiyo, kwa sababu utafiti huu unamhoji mume na mke, kila mmoja peke yake. Mume ana miaka hamsini na mitano, ni fundi wa mitambo ya gesi, chuo hakumaliza, na haoni haja ya kufunga mlango. Alimpigia kura yule mgombea mwingine. Tena bila kuulizwa anaongeza kwamba mkewe alifanya vivyo hivyo.

Jebet anamshukuru kwa adabu na kukata simu. Anavua hedifoni, anajifuta jasho la masikio, na kucheka peke yake.

"Nilijiuma ulimi," anasema. "Huyo mzee amemhesabia mke wake kura, na mke wake alishajihesabia mwenyewe kitambo."

Jebet ana umri wa miaka thelathini na minne. Ana diploma ya utalii aliyoipata Eldoret, na analipwa riali elfu tatu kwa mwezi, karibu shilingi elfu themanini na nne za Kenya. Alifika Qatar mwaka 2014 kufanya kazi ya mapokezi hotelini, akasimama nyuma ya kaunta hadi visigino vikapasuka. Mwishoni mwa mwaka jana akahamia ofisi hii ya utafiti wa simu, ambako angalau mtu hulipwa akiwa ameketi.

Aliyeagiza utafiti huu ni chuo kimoja cha Marekani. Kinataka kujua Wamarekani wanaoishi Ghuba walipigaje kura mwaka 2016, na kama mambo manne, yaani umri, jinsia, masomo na kipato, yanawavuta huku na huku kama yanavyowavuta wenzao walio kwao. Kazi ya Jebet ni kuuliza na kubofya visanduku kwenye kompyuta. Hatakiwi kuwa na maoni.

Ila wiki ya kwanza alikuwa nayo, na nusura yamfukuzishe kazi.

Alikuwa ameshawahoji watu wawili ambao orodha yake ya simu iliwaonyesha kwa jina moja la ukoo, na wote wawili walikuwa wa upande mmoja. Alipompata wa tatu, mama wa Al Wukair, Jebet hakuona sababu ya kupoteza muda. Akamwambia kwamba bila shaka naye ni wa upande ule. Mama akataka kujua amejuaje. Jebet, kwa moyo mweupe kabisa, akamjibu kwamba amejua kwa jina lake.

Mama huyo alilalamika ofisini. Kwake jina lilikuwa la mume aliyeachana naye zamani, na alikuwa amepiga kura kinyume kabisa na ukoo huo. Msimamizi wa zamu, Kevin, kijana wa Nairobi, akamwita Jebet pembeni.

"Wee, acha hiyo maneno," alimwambia. "Hawa watu hawapigi kura na surname. Wanapiga na degree."

Msomaji wa Kenya, usimcheke upesi. Tangu uliposoma jina la Jebet katika mstari wa kwanza umeshamweka kwenye kambi, na ungeapa kwamba unajua kura yake itaangukia wapi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu akitaja jina la baba yake, sisi husikia na jina la mgombea.

Baada ya mamia ya simu, Jebet anakiri kwamba Kevin hakuwa mbali na ukweli. Katika watu aliowahoji yeye, wenye digrii waliegemea upande mmoja na wasio nayo upande wa pili. Wanawake walitofautiana na waume zao mara nyingi kuliko waume walivyodhani. Vijana walielekea kwingine na wazee kwingine, wale waliokubali kutaja umri. Kipato ndicho kilichomchanganya, maana matajiri aliwakuta pande zote mbili, na wenye kuhesabu sarafu vilevile.

Alianza kucheza nao mchezo kichwani. Mtu akishataja mambo manne, yeye anakisia jibu kabla halijatoka, na mara nyingi anapatia. Akajiona mganga.

Kisha akampata mzee mmoja mchimba visima mstaafu, miaka sabini na moja, aliyeachia shule katikati, anayeishi kwa bintiye huku Doha. Visanduku vyote vilielekea upande mmoja. Mzee akataja upande wa pili. Fomu ilimruhusu Jebet kuuliza kwa nini, naye mzee akamsimulia juu ya mkewe aliyeugua miaka mitatu, bili za hospitali, na mgombea ambaye aliamini angezipunguza. Alieleza kwa muda mrefu. Mwishoni akamuuliza Jebet kama hiyo habari inaingia katika kisanduku chochote.

Haikuingia. Jebet anasema siku hiyo alienda chooni akakaa huko kidogo.

"Visanduku vinakuambia watu elfu watafanya nini," anasema. "Havikuambii huyu mmoja aliye kwenye simu atafanya nini. Huyo lazima umuulize. Na mimi nikajiuliza, nani amewahi kuniuliza?"

Swali hilo lilikuwa na anwani. Kwao ni Nandi, katika boma la kaka yake mkubwa, Philip. Mwaka 2013 Jebet alipiga kura ya suti, yaani chama kimoja kuanzia juu hadi chini, kama boma zima lilivyoambiwa. Anasema hakusoma hata majina. Aliyeshinda kiti cha wadi alikuwa ameahidi zahanati. Lango likajengwa, likapakwa rangi, likaandikwa jina lake kwa herufi ambazo ng'ombe angeweza kuzisoma. Zahanati ya kuingilia kwa lango hilo bado inasubiriwa. Mama yao, mwenye ugonjwa wa sukari, hulipita akienda kutafuta dawa mji wa pili.

Mwaka huu mheshimiwa huyo anagombea tena, na Philip ndiye mtu wake kijijini. Wakenya walioko nchi jirani za Afrika Mashariki na wale wa Afrika Kusini watapigia kura huko huko waliko. Walioko Qatar, hapana. Anayetaka kupiga kura Agosti nane sharti arudi kwenye kituo alikojiandikisha.

Jebet aliamua kurudi. Alipata likizo ya wiki mbili, kibali cha kutoka nchini kikatiwa sahihi na mwajiri, naye akanunua tiketi ya bei ya chini inayopitia Sharjah. Kevin alimcheka. Akamwingiza kwenye visanduku mbele ya ofisi nzima: mwanamke, diploma, thelathini na minne, mshahara wa kati, kisha akatangaza mshindi. Jebet akamwambia atoe sadaka hiyo hela anayotaka kuwekea dau.

Halafu ikafika Juni tano. Majirani wa Qatar waligombana nayo, wakafunga mipaka na anga, na safari za kupitia Sharjah zikafutika asubuhi moja. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na safari hii nyasi zilikuwa na tiketi mkononi. Wenzake wa Doha walikuwa wakijaza maziwa na mchele kwenye vikapu vya maduka. Jebet alikuwa akipiga simu kwa wakala ambaye hakupokea. Pesa zake, aliambiwa baadaye, zingerudishwa, lakini siku haikutajwa.

Aliwaeleza watu wa nyumbani kwamba huenda asifike. Haukupita muda, Philip akampigia akiwa mchangamfu kuliko kawaida. Mheshimiwa amesikia habari za dada wa Qatar, alisema, na amehuzunika sana. Yuko tayari kumlipia tiketi mpya, kwenda na kurudi, na gari la kumchukua Eldoret hadi mlangoni. Hakuna masharti. Ajue tu kwamba boma lao limeshaandikishwa kwa mheshimiwa kuwa na kura kumi na moja.

Jebet akauliza hiyo ya kumi na moja ni ya nani. Philip akasema ni yake.

Mkono mtupu haulambwi, ndivyo siasa zetu zinavyokwenda, na wengi wetu tungelamba. Riali elfu mbili na mia tatu, bei ya tiketi mpya, si pesa ya kuchezea kwa mtu wa elfu tatu. Jebet anakiri kwamba aliipiga hesabu hiyo kwanza. Aliwaza mama yake. Aliwaza kwamba angeweza kula vya mheshimiwa na kufanya lake gizani, kama wengi wafanyavyo, na hakuna ambaye angejua.

"Lakini mimi ningejua," anasema. "Ningeingia pale nikiwa kama mwizi, na kura ni yangu. Kwa nini niibe kitu changu?"

Akamwambia kaka yake hivi: "Philip, mwambie mheshimiwa ahesabu kumi."

Kaka mtu alikasirika. Alimuuliza kama yeye bado ni wa boma hilo ama amekuwa wa Waarabu. Jebet akamjibu kwamba ni wa boma hilo, ndiyo maana anakuja. Philip akasema basi aje, lakini asitarajie mtu wa kumpokea, wala asidhani kuna nyumba inayomsubiri. Jebet akaomba azungumze na mama. Simu ikakatwa.

"Hapo nililia," anasema, bila kuona haya. "Nililia mpaka Akinyi akaamka."

Akinyi ndiye anayeishi naye chumba kimoja huko Muaither. Ni mtu wa Siaya, anayetunza bibi mmoja mzee wa Kiqatari, na ni mpole wa sauti lakini si wa maneno. Kwa hesabu zetu za majina, yeye na Jebet hawana kura moja hata wakiulizwa usingizini. Wamekaa pamoja miaka miwili wakikubaliana juu ya zamu za kupika na kutokubaliana juu ya kila kitu kingine.

Wote wawili wako katika chama cha akina mama wanane, ambacho kila mwezi humpa mmoja wao mchango wa wote. Zamu ya Julai ilikuwa ya Akinyi. Alikuwa ameisubiri kwa ajili ya mabati ya nyumba anayoijenga kwao. Yeye hana likizo, Agosti itamkuta Doha, na kura yake haitapigwa.

Asubuhi iliyofuata alimwambia Jebet achukue zamu hiyo, yeye atachukua ya Jebet ya Novemba. Jebet akakataa. Akinyi akamwambia mabati hayaozi dukani, lakini tarehe nane haitarudi. Mjadala ukaishia hapo, kwa sababu Akinyi alikuwa anachelewa gari la kazini.

Mwandishi huyu alimuuliza Akinyi kama alijua pesa zake zinaenda kumbeba nani. Akasema zinaenda kumbeba Jebet. Nikauliza tena, waziwazi zaidi: hakutaka hata kujua rafiki yake atampigia nani, pengine mtu ambaye yeye Akinyi hawezi kumvumilia?

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Nikimuuliza, nitakuwa nimeinunua," alisema. "Huyo wa kununua si tayari wako naye kwao?"

Tiketi ya sasa inapitia Muscat. Jebet atatua Nairobi Jumamosi na kufika Eldoret Jumapili, siku mbili kabla ya uchaguzi. Rafiki yake wa chuoni amemwahidi godoro mjini, iwapo lango la boma litafungwa kweli. Baada ya kupiga kura anataka akae na mama yake, hata kama ni nje ya ua, halafu arudi kazini Doha amlipe Akinyi mapema, asimngojeshe hadi zamu ya Novemba.

Ana ombi moja kwa wenye mamlaka: uchaguzi ujao, sanduku la kura liletwe Qatar. Anasema hapa wako walinzi, madereva, wauguzi na wapishi wanaotuma pesa nyumbani kila mwezi, na hakuna anayesema pesa zao ziko mbali mno kuhesabiwa.

Nilijaribu bahati yangu. Nikamuuliza, kama anavyowauliza Wamarekani wake, atampigia kura nani. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuzungumza habari za kwao. Akasema umri nimepewa, masomo nimepewa, mshahara nimepewa, na jina la baba yake nalijua, kwa hiyo niendelee kukisia kama wengine.

Hedifoni zinamsubiri, bado ana watu wa kuwauliza kabla ya zamu kuisha. Akiwa anainuka, simu yake inatetemeka mezani. Ni ujumbe wa Philip. Anataka kujua, kwa mara ya mwisho, kama dada yake amebadilisha msimamo, ili wajue kama watume mtu wa kumpokea au la.

Jebet anausoma, anaandika jibu fupi, analituma, kisha ananigeuzia kioo nisome mwenyewe.

"Mkija kunipokea nitafurahi. Msipokuja, njia ya kwenda kituoni naijua."