Nilibandika Barua ya Mkuu wa Chuo, Sasa Anafukuzwa Mwenzangu

Admin, nifichie jina, na la chuo usiliandike. Tuko wachache, mtu akisoma mistari miwili atanijua. Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu, nasoma uuguzi mwaka wa pili katika chuo kidogo cha Kikristo nje ya mji wa Sumbawanga. Wazazi wangu ni wafugaji, walihamia huku kutoka Kanda ya Ziwa nikiwa mdogo.

Nisiwe mchoyo wa shukrani: chuo hiki kimenilea. Mwalimu asipokuona kwenye ibada ya asubuhi, anakuja bwenini kuuliza unaumwa nini. Mwaka wa kwanza nilipopata malaria kali, mke wa mkuu wetu, ambaye wote tunamwita Mama Mchungaji, alinilaza kwake wiki nzima akininywesha uji wa ulezi kwa kijiko. Mkuu mwenyewe ni mchungaji, mtu mpole, ananiita "binti yangu". Kwa vile najua kompyuta, mchana baada ya vipindi namchapia barua ofisini.

Mwezi wa nane alinipa barua kutoka serikalini nichape majibu yake. Wakaguzi waliandika kwamba kozi yetu isipokee mwaka wa kwanza mpaka chuo kipate maabara, wakufunzi wenye sifa na hospitali ya mazoezi. Sisi wa mwaka wa pili tungemaliza, mradi mkuu apeleke majina yetu kwenye mtihani wa taifa. Ila wapya wakipokelewa hawatatambulika. Nikainua macho. Akasema, "Binti yangu, maabara inakuja, wafadhili wameshaahidi. Mambo ya ofisini yabaki ofisini." Nikajibu, "Sawa, Baba Mchungaji."

Wiki mbili baadaye akanichukua twende Chala kutafuta wanafunzi. Nilisimama mbele ya wazazi na sare yangu nyeupe, nikatoa ushuhuda jinsi chuo kilivyonibadilisha maisha. Tulipomaliza, mama mmoja Mfipa, mkulima, akanivuta pembeni na binti yake. "Mwanangu, wakubwa watasema yao. Wewe unayelala pale ndiye nakuuliza. Hicho cheti kitampa huyu kazi?" Mchungaji alikuwa amesimama nyuma yake, hatua chache tu. Nikasema, "Ndiyo mama, kinatambulika." Akanishika mikono yote miwili akanibariki. Sijawahi kuogopa baraka kama siku ile.

Yule binti, nitamwita Oliva, alifika mwezi wa kumi na sanduku la bati na godoro. Akapangiwa bweni letu, na kazi yake ikawa kufagia ofisi ya mkuu. Ananiita dada. Wiki mbili zilizopita nilimkuta anajifunza kuchoma sindano kwenye chungwa, akaniuliza, "Dada, sisi hospitali tunaanza lini? Mama kila akipiga simu ananiuliza." Mchana ule nikiwa ofisini nikatoa nakala ya ile barua, nikaificha ndani ya daftari. Kesho yake asubuhi, ukungu bado umefunika uwanja na wenzangu wameshaingia kwenye maombi, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo. Kisha nikakimbilia ibadani, nikaimba kama wengine.

Waliisoma wachache kabla haijang'olewa. Mchungaji akatukusanya. Hakufoka. Kwa sauti ndogo akasema ile barua ni ya uongo, imetengenezwa na adui wa kazi ya Mungu. Halafu akasema, "Ofisini kwangu wanaingia wanafunzi wawili tu." Watu wote wakageuka kumtazama Oliva. Mimi hakuna aliyenitazama. Akaanza kulia, "Mchungaji, mimi hata hiyo barua siijui!" Nami nikanyamaza. Nilinyamaza, ndugu zangu, huku tumekaa bega kwa bega.

Jana Mchungaji akaniita. Mama Mchungaji alikuwepo, ameinamia kitambaa anachofuma. Mkuu akasema, "Wewe tumekulea, siwezi kukushuku. Mchapie Oliva barua ya kufukuzwa. Mama yake anakuja Jumatatu kumchukua." Nikiwa nageuka kutoka, akaongeza taratibu, "Na majina ya mtihani tunayapeleka wiki hiyohiyo." Hadi sasa sijui kama ananishuku. Mama Mchungaji hakuinua uso.

Barua nimeichapa, bado sijaitoa kwenye printa. Kuna wakati najidanganya kwamba afadhali Oliva aondoke, atatafuta chuo chenye kibali. Lakini ataondoka na jina la mtu aliyeghushi barua, na wenzake wa mwaka wa kwanza watabaki wakiamini barua ni ya uongo. Nikikiri, jina langu halifiki kwenye mtihani, na baba aliuza ng'ombe ili nifike hapa.

Ninyi mnaotafuta vyuo, msiishie kuuliza kama chuo kimesajiliwa. Ombeni kuona kibali cha kozi yenyewe. Ulizeni mazoezi ni hospitali gani, kisha nendeni wenyewe mkaulize kule. Na msimwamini mwanafunzi anayejibu huku mkuu wake amesimama karibu.

Leo ni Jumamosi. Oliva yuko uani anafua mashuka yake ili ayafungashe. Ametoka kuniomba nikae naye mama yake atakapofika, nimsaidie kueleza kwamba hakufanya. Nimemwambia nitakaa.

Nishaurini, lakini msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Jumatatu asubuhi niingie ofisini na barua yake ya kufukuzwa, au na yangu ya kukiri?