Nahodha Aliyerudi Bila Jasho

Jezi ya nahodha ilirudi kutoka mechini haina jasho hata tone. Dakika tisini, jua kali, na mtu karudi kama katoka harusini.

Msidhani natunga. Mimi ndiye mfuaji wa timu ile, mwaka wa kumi na mbili sasa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini jezi nazisoma vizuri.

Mwanangu alikuwa kocha msaidizi pale pale. Kazi yake kupanga koni, kuokota mipira na kunyamaza. Mashabiki walimwita Bwana Koni.

Makocha wakuu watano walipita. Wa tano alipotimuliwa, mwenyekiti akamwita mwanangu.

"Chukua timu Jumamosi. Ukifungwa unaondoka. Na beseni la mama yako ulibebe."

Nikamwambia mwanangu, "Nahodha wako mvivu, hakimbii. Nusa mwenyewe."

Akanusa. Jina la nahodha akalikata kwenye orodha ya Jumamosi.

Sasa, huyo nahodha alikuwa ameoa binti wa mwenyekiti.

Siku ya mechi nagawa soksi chumbani kwa wachezaji, mwenyekiti kaingia anahema, akamwendea mwanangu.

"Nani kakwambia umweke benchi mkwe wangu?"

"Mama."

"Siku hizi timu inapangwa na mfuaji?"

"Leo, ndiyo. Kama unanifukuza, nifukuze sasa. Zimebaki dakika ishirini."

Mzee akatazama saa yake, akatoka.

Tulishinda moja bila. Goli sikuliona, nilikuwa nimefumba macho.

Jioni nahodha akanifuata kwenye karo la kufulia. Nikajiandaa kutukanwa. Akageuza ndoo, akaikalia.

"Bibi, umeniokoa. Goti linaniuma mwezi wa tatu huu. Baba mkwe kanikataza kusema mpaka aniuze timu kubwa. Nilikuwa nasimama tu."

Niliona aibu, jamani. Kumbe mgonjwa nimemwita mvivu. Nikamwomba radhi, kisha nikaenda kumweleza mwanangu kila kitu.

Jumatatu mwenyekiti akaleta mkataba wa ukocha mkuu. Sharti moja: nahodha acheze mechi ijayo.

Mwanangu akausoma amesimama, akamrudishia mkononi.

"Huyu anakwenda hospitali. Hachezi."

"Basi na wewe hufundishi."

"Nafundisha. Mazoezi ni saa tatu."

Akatoka kwenda uwanjani. Wachezaji wote wakamfuata, nahodha mbele, anachechemea. Nami nikaacha povu likielea, nikaenda kusimama pembeni ya mstari wa chaki.

Mwenyekiti alijifungia ofisini mpaka mchana. Kisha akamtuma katibu na ule mkataba. Umesainiwa. Sharti limekatwa kwa mstari.

Huu ni msimu wa tatu, na kocha mkuu ni yule yule.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, mimi nilimhukumu mtu kabla ya kumuuliza. Hilo ni kosa langu, nalibeba.

Lakini mkubwa akikupa cheo ili umuumize mwenzako, mrudishie karatasi yake mkononi, halafu nenda ukafanye kazi yako.