Dakika Nne za Somo la Kumi na Mbili

Nina mkono mmoja nisioupenda, nao ni wa kulia. Nikisema hivyo watu hudhani unaniuma. Hauniumi hata kidogo. Ungeniuma ningeupeleka hospitali tukamalizana.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa na duka la intaneti Mkunazini, mjini, chumba kimoja cha chini katika nyumba ya bibi yangu. Kompyuta sita, feni mbili, na ukutani kibao nilichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: ADHANA IKISOMWA, SIMAMISHA. Nje ya mlango palikuwa na baraza ya wazee, na wazee wale masikio yao yalikuwa makali kuliko yangu. Lakini sikukiandika kwa kuwaogopa wao. Bibi aliyenilea alikuwa akisikia takbira ya kwanza na redio bado inaimba, hapakaliki nyumba hiyo. Nimefundishwa kuikimbilia redio kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Basi na dukani ikawa vivyo hivyo. Muadhini akianza tu, nilizunguka kompyuta zote sita, nikabonyeza kile kitufe kirefu cha chini, filamu na nyimbo zikasimama, halafu nikaenda zangu kutia udhu.

Siku moja aliingia mama mmoja, buibui lina vumbi la njiani, kashika daftari la shule kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa weye ndo fundi."

"Naam. Wamekudanganya, lakini kaa kitako."

Alicheka, akakaa. Alikuwa mhudumu katika kituo cha afya upande wa Mangapwani. Miaka kumi na tisa kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kubeba ndoo na kubadilisha mashuka. Ukweli ni kwamba mkunga mwenye cheti akiwa hayupo, na mara nyingi hakuwepo, watoto wa vijiji vile walipokelewa na mikono yake. Alikuwa hana cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo chuo cha ukunga hakikutaka hata kumwona. Sasa chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimefungua mafunzo kwa intaneti, masomo kumi na mawili ya video, kwa Kiswahili. Atakayeyamaliza yote kumi na mawili, chuo cha hapa kingempokea bila kumuuliza cheti cha shule. Sharti awe hajatimiza miaka arobaini na tano, na yeye alikuwa anaitimiza mwaka ule ule.

"Nnataka siku moja niandikwe mkunga," aliniambia. "Basi. Sitaki jengine."

Nikamwambia hilo jambo dogo. Loo! Mdomo wangu nao.

Kompyuta zangu zilikuwa na vivinjari viwili, yaani programu mbili za kufungulia kurasa za intaneti, kimoja cha zamani na kimoja kipya. Nilijivunia kile kipya, nikamfungulia humo. Sauti ikatoka, mwalimu wa kizungu anaeleza taratibu kabisa, lakini picha nyeusi tii. Nikaambiwa na mashine nipakue kiprogramu cha nyongeza. Nikakipakua kutwa nzima kwa laini ile ya kujikokota, wateja wengine wananung'unika, nami nawanunia. Kilipoingia, picha ikaja na sauti ikakimbia mbele. Mwalimu keshamkata mtoto kitovu kwa maneno, kwenye picha ndiyo kwanza ananawa mikono. Na video ilipokwisha, kitufe cha kuendea somo la pili kikabaki na rangi ya jivu, hakibonyezeki.

Nilijaribu kompyuta zote sita. Nilifuta kile nilichokitia, nikakitia tena. Niliwaandikia wenyewe ng'ambo, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, na wakanijibu baada ya siku nane: kwao video inacheza vizuri, tafadhali tumia kompyuta nyengine. Nilitukana peke yangu mpaka mzee mmoja barazani akaita, "We kijana, una nini humo?" Wiki tatu ziliishia hapo, na mama wa watu anakuja kila siku yake ya mapumziko, anakaa, anatazama kiza, anarudi kwao.

Mwisho nikajaribu kile kivinjari cha zamani, nilichokidharau. Video ikacheza, sauti na picha pamoja, na ilipofika mwisho kitufe kikawaka kijani. Mama alinipiga bega kwa furaha kama nimemzalia mjukuu.

Furaha ile ilifika somo la tatu. Alikuwa akiandika kila kitu kwenye daftari lake, na mwalimu alipokwenda mbio akaisimamisha video ili aandike. Alipoianzisha tena, ikarudi mwanzo kabisa, kana kwamba hakutazama hata dakika moja. Tukajaribu tena, hivyo hivyo. Kwenye kivinjari kipya ungeweza kusimamisha utakavyo, ila haikuhesabu kitu. Kwenye cha zamani ilihesabu, lakini ukiisimamisha mara moja tu, umekwisha.

"Mama, usiguse kitu," nikamwambia. "Kupunguza sauti ruhusa. Kusimamisha, hapana."

"Sigusi, mwanangu. Mikono naikalia."

Na kweli, alijifundisha kuandika mbio bila kuangalia chini. Masomo yale yalikuwa mafupi, dakika kumi, dakika kumi na tano. Moja moja, baina ya sala na sala, akafika la kumi na moja. Nilianza kumwita Bi Mkunga, naye ananikanya nisimtabirie, huku anatabasamu.

La kumi na mbili lilikuwa la dakika hamsini. Alikuwa na ruhusa ya siku moja tu, nayo ndiyo siku ya mwisho waliyotupa wale wa ng'ambo: saa moja ya jioni kwa saa zetu, mafunzo yanafungwa. Akaja asubuhi. Umeme haukuwepo. Adhuhuri haukuwepo. Alasiri tukasali, haukuwepo. Mama kakaa mbele ya kioo cha kompyuta kilichozimika, daftari limefunguliwa ukurasa mtupu. Mimi nilitoka mlangoni mara ishirini, kama kwamba umeme unapita njiani nitauona.

Ulirudi saa kumi na moja na nusu. Mpaka mashine iwake na laini ishike, video ikaanza dakika tano baadaye. Mama akahesabu kwa vidole.

"Magharibi itatukuta humu," alisema. "Itakuwa zimebaki dakika nne, tano."

"Itukute. Tutapunguza sauti mpaka isisikike, Mungu anajua nia zetu. Hatusimamishi."

"Hatusimamishi," naye akasema.

Wateja wawili waliingia, mmoja akafungua taarabu, mwengine mpira. Mimi nikasimama nyuma ya mama. Nilikuwa nimeshayajua masomo yale kuliko mambo yangu. Mtoto aliyetanguliza makalio, mama anayetoka damu, nini cha kushika na nini cha kuacha. Kalamu yake ilikuwa inakwenda tu. Zikabaki dakika kumi. Zikabaki sita. Moyo wangu ulijaa, nikawa naitazama ile alama ya kijani kabla haijaja.

Allahu Akbar, Allahu Akbar, ukaanza msikiti wa nyuma yetu.

Nikaenda kwa mwenye taarabu nikabonyeza. Nikaenda kwa mwenye mpira nikabonyeza. Nikarudi, nikainama juu ya bega la mama, na mkono wangu huu, wenyewe, bila kuniuliza, ukabonyeza.

Picha ikaganda. Zimebaki dakika nne.

Astaghfirullah. Sikuamini. Niliutazama mkono wangu uko palepale juu ya kitufe. Nikafungua mdomo, na mama akaninyanyulia kidole tu, ninyamaze, kwa kuwa adhana ilikuwa inaendelea. Midomo yake ilikuwa inamwitikia muadhini, neno kwa neno, kwa utulivu, mpaka mwisho. Akasoma dua ya baada ya adhana. Ndipo akageuka akaniangalia. Wallahi bora angenizaba kofi.

Nikaianzisha video. Ikarudi mwanzo: mwalimu wa kizungu anatukaribisha. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, na video ya dakika hamsini.

"Tuwaandikie," nikasema. "Niwaeleze ni kosa langu. Watafahamu."

"Waandikie, mwanangu," alijibu, akalifunga daftari. "Mimi nnakwenda kusali."

Niliwaandikia usiku huo huo. Jawabu lilikuja baada ya siku kumi: mfumo unaonyesha somo halikukamilika, na mfumo hauwezi kubadilishwa na mtu. Nililichapisha jawabu lile, nikashindwa kumpelekea. Naona haya kulisema hili, lakini sikumpelekea. Naye hakuja tena. Kibao cha ukutani nilikiacha. Ningekitoa vipi?

Duka lilikufa baadaye, kama yalivyokufa maduka yote ya aina ile. Nikaoa, na mke wangu kwao ni huko huko Mangapwani, akaenda kujifungulia mimba ya kwanza kwa mama yake. Nilipopigiwa simu nikakimbilia kituo cha afya, nikakuta mlango umefungwa, nikakaa kwenye benchi. Ulipofunguka alitoka yeye, kazeeka kidogo, sare ile ile ya mhudumu, na mwanangu mikononi kafungwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dume hilo. Mwadhinie mwanao."

Nikainama kwenye sikio la kulia la mtoto nikaanza. Nilikuwa nasoma na machozi yananitoka, na yeye kamshika mtoto, midomo yake inaitikia neno kwa neno, kama siku ile. Nilipokwama katikati alinisubiri.

"Maliza," alisema. "Usisimamishe."

Nikamaliza. Nikamuuliza nani kamzalisha mke wangu, akasema yeye, mwenye cheti alikuwa mjini tangu asubuhi. Kisha akanipa kadi ya mtoto. Mstari wa mkunga ulikuwa umeshajazwa kwa wino wa buluu, jina la mtu ambaye sijamwona mpaka leo.

"Mbona hapa..." nikaanza.

"Mimi siandikwi, mwanangu," alisema. "Mshike mtoto, nikamwage ndoo."