Pamba ya Mabomba

Mpaka leo mtu akiniambia "hiyo ni pamba tu", damu hunichemka. Nimezaliwa Bariadi. Nimepalilia pamba, nimeichuma, nimeibeba kichwani hadi ghalani. Sikutegemea kudanganywa kuhusu pamba, lakini nilidanganywa, tena na mtu aliyekuwa akijua.

Enzi hizo biashara ilikuwa imeachiwa huru. Kinu cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, kilichokuwa cha ushirika, kikapata tajiri mpya. Kwanza akawapunguza mafundi. Kisha akataka mabomba ya mvuke yavuliwe kitu cha njano, laini, kilichozungushiwa nje yake ili yasipoteze joto. Mafundi hawapo, basi tukaitwa vibarua, wote wanawake, nami nikiwemo. Tukamuuliza msimamizi kile ni kitu gani.

"Ninyi si watu wa pamba? Basi na hiyo ni pamba tu. Nyofoeni mkatupe shimoni."

Mwenyewe alikuwa na glavu, na kitambaa puani, kasimama mlangoni unakoingilia upepo. Sisi tulinyofoa kwa mikono mitupu, vumbi likimetameta kwenye mwanga wa dirisha. Tuliona linapendeza, wajinga sisi.

Jioni mikono na shingo vilikuwa vinaniwasha kama nimepita kwenye upupu. Nikaoga maji ya moto, nikajisugua kwa nguvu, ikazidi. Koo likakereketa. Zahanati walinipa dawa ya upele, na muuguzi akanishauri niwe naoga. Kuoga! Nilikuwa naoga mara tatu kwa siku.

Na katika ujinga huohuo nikamshonea mama mto. Pamba yetu ukiilalia miezi miwili inagandamana, inakuwa ngumu. Hii ukiibonyeza inainuka tena. Nilichota fungu pale shimoni, nikalishonea ndani ya kipande cha kanga. Mama alifurahi, akawaonyesha majirani. Wiki ya pili macho yake yakawa mekundu, shavu analolalia limejaa vipele, na anakohoa. Nikamuuliza imeanza lini.

"Tangu ulete mto, ng'wanone, mwanangu. Sikutaka kusema. Ndicho kitu cha kwanza ulichonipa kutoka kazini kwako."

Nilitamani kujichapa makofi. Jirani yetu alikuwa mmoja wa wale mafundi waliopunguzwa. Nikampelekea mto, akakataa hata kuushika.

"Dada, hicho ni kioo. Kioo kilichovutwa kikawa nyuzi. Sisi tulikuwa tunavaa glavu na miwani, na ovaroli tunaiacha kazini, haiji nyumbani kwa watoto."

Nikamuosha mama macho kwa maji safi ya baridi, nguo na mashuka yake nikayafua peke yake. Macho yalitulia baada ya siku kadhaa. Kikohozi kilichelewa sana, na kila alipokohoa nilimkumbuka yule bwana pale mlangoni na kitambaa chake.

Asubuhi moja nikautia mto kwenye mfuko wa salfeti, nikaenda moja kwa moja ofisini kwake, nikautua mezani juu ya karatasi zake.

"Mama yangu amelalia hii. Ulituambia ni pamba. Haya, weka na wewe shavu."

Alisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. Hakuuliza ni nini. Aliuliza, "Umeitoa wapi?"

"Shimoni, ulikotuambia tutupe."

"Hiyo ni mali ya kampuni. Kumbe wewe ni mwizi."

Ilipokuwa mikononi mwetu ilikuwa takataka. Nilipoirudisha ikawa mali. Nilimtukana kwa Kiswahili, maneno yakaniishia, nikaendelea kwa Kisukuma, na sijutii hata moja. Akanifukuza kazi palepale. Halafu akachungulia ukumbini, akamwita mwenzangu mmoja tuliyenyofoa naye, mama aliyekuwa bado ananyonyesha.

"Wewe, mwachie mfuko wake, toa huo mto hapa, peleka stoo."

"Usiguse!" nikapiga kelele. "Ni kioo hicho!"

Alinitazama, akamtazama msimamizi. Kisha akauchomoa mfukoni kwa mikono mitupu na, ili usimdondoke, akaukumbatia kifuani.